Kiwanja cha Mtwapa

Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu usiku, nimetoka kazini, hata viatu sijavua. Binti yake, aliyemaliza shule na alama nzuri za hesabu na fizikia, alikuwa amepata barua ya kukubaliwa katika shule moja ya urubani ng'ambo. Barua ilikuwa na picha ya ndege nyeupe na ahadi nzito: miezi 14, aingie hajui kitu, atoke na leseni ya rubani wa biashara. Malazi ndani, chakula ndani, sare ndani. Ada yote ilipwe kabla ya kuanza, na atakayelipa kabla ya mwisho wa mwezi apunguziwe.

Ada ingetoka kwenye kiwanja cha Mtwapa, na mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Kiwanja hicho ndicho kitu pekee alichotuachia marehemu baba baada ya miaka yake yote bandarini Kilindini, na hati ina majina yetu sote wawili. Kwa hiyo kaka hakupiga kuniomba ushauri, alipiga kuniomba sahihi. "Wewe mwenyewe ni rubani, mdogo wangu," akaniambia. "Wataka mtoto wetu akose ulichokipata wewe?"

Nilimwomba anipe siku tatu. Usiku ule nikaitoa kabatini logibuku yangu ya kwanza, ile ambayo rubani huandika kila safari: tarehe, ndege, kutoka wapi kwenda wapi, muda. Gamba lake limechanika na nimelishika kwa gundi ya karatasi. Nilikuwa sijaifungua kwa miaka. Nilichokiona humo sikukiona nilipokuwa nikikiandika. Safari mbili za Machi, halafu hakuna kitu hadi Juni. Safari tatu za Juni, halafu kimya hadi Septemba. Nafasi zile tupu kati ya tarehe zilinigharimu pesa nyingi kuliko safari zenyewe, na sikuwa nimewahi kumweleza mtu yeyote wa nyumbani kwetu.

Nilihamia Nairobi mwaka 1999, nikakaa kwa mama mdogo, South C. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson zilikuwa zikipita karibu na paa letu tangu alfajiri, na kutoka mlangoni kwetu hadi lango la uwanja ni mwendo wa miguu. Nilikuwa karani wa pesa katika ofisi moja ya tiketi mjini. Siku hizo tulikuwa tukimsoma magazetini Irene Koki Mutungi, aliyekuwa rubani pekee wa kike wa Kenya Airways, na ambaye baadaye angekuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Alianza kujifunza Wilson hapo hapo, kisha akaenda Oklahoma City, Marekani, kuchukua leseni ya biashara. Niliikata picha yake nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Kwangu mimi ile ndiyo ilikuwa ramani: Wilson kwanza, halafu Mungu ataonyesha.

Siku ya kwanza katika shule ya urubani pale Wilson niliweka mezani pesa taslimu za saa tano za kuruka. Mwalimu aliyenipokea alikuwa mzee wa makamo, mmoja wa wale waliofunzwa Soroti, Uganda. Akaziangalia pesa, akaniangalia mimi, akauliza, "Umepimwa?" Nikasema mimi ni mzima. "Sikukuuliza kama ni mzima. Nenda kwa daktari wa marubani. Na umwambie unataka cheti cha daraja la kwanza, usije na cha pili." Akamwambia karani aniandikie risiti lakini asinipangie ndege hadi nirudi na karatasi.

Nilitoka pale nimekasirika. Nilidhani ananikwepa kwa sababu ni mwanamke. Cheti cha daraja la pili kinatosha kabisa kuanzia, na ni cha bei nafuu, na wanafunzi wengi walikuwa wakianza nacho. Lakini anayetaka kulipwa mshahara kwa kurusha ndege lazima awe na cha daraja la kwanza, na huko daktari anaingia ndani zaidi: macho, masikio, moyo, mkojo, na kile kitabu cha vitone vya rangi ambapo unatakiwa kuona tarakimu katikati ya vitone.

Miezi michache baadaye nilielewa. Tulikuwa na kijana mmoja darasani, mwenye mkono mwepesi wa ndege kuliko sisi sote. Ndege ikiwa mikononi mwake huisikii ikigusa ardhi. Cheti chake cha daraja la pili kilikuwa kimeandikwa kwamba asiruke usiku, na hakuna aliyemkalisha chini kumweleza sababu. Alipokwisha kulipa na kuruka zaidi ya saa 30 ndipo akaenda kupima daraja la kwanza, na kile kitabu cha vitone kikamshinda ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa hatofautishi nyekundu na kijani. Familia yake ilikuwa imeuza ng'ombe. Nakumbuka alivyokaa kwenye benchi la nje, chini ya ule mti wa maegesho, logibuku mapajani, na sisi tukipita tunaogopa kumsalimia. Tangu siku ile, kijana yeyote akija kwangu na barua ya shule, nauliza kwanza habari ya cheti. Nauliza hata kabla ya kusoma jina la shule.

Yule mwalimu alikuwa na haki ya kuwa mkali. Kizazi chake kilisomeshwa na serikali. Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania walikwenda pale kwa gharama za nchi zao. Ukichaguliwa unalishwa, unavishwa, unafunzwa, na ukimaliza kuna kiti kinachokusubiri. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 njia ile ikazibika kwa wengi wetu. Mzigo ukahama kutoka kwa hazina za serikali ukaja kwenye shamba la babu, kwenye chama cha akina mama, kwenye kiwanja cha Mtwapa. Alikuwa akituona sisi tukiweka pesa za jasho mezani kwake, na alijua jinsi zinavyoweza kupotea. Siku hizi ninapoisoma barua kama ile ya mtoto wa kaka yangu, naisoma kwa macho yake.

Nilianza kuruka. Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 152, ya viti viwili, injini ya nguvu za farasi 110. Kabla ya kila safari unashika kikombe kidogo cha plastiki chenye kijiti katikati, unakisukuma chini ya bawa, mafuta yanamiminika ndani. Unakiinua juani. Mafuta yanatakiwa yawe ya buluu, buluu iliyopauka kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na yawe safi. Kama kuna maji yatakaa chini kabisa, yamejikusanya kama ushanga, na hapo hukai tu kuyatazama, unayatoa, unarudia, hadi kikombe kiwe buluu tupu. Nilikuwa nikinuka mafuta hayo vidoleni hadi jioni, ofisini wananiuliza.

Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Mchana jua likipamba moto hewa inakuwa nyepesi na ile injini ndogo inapoteza sehemu nzuri ya nguvu zake. Unapunguza mafuta yanayoingia kabla hujapaa, la sivyo injini inakohoa. Unafungua nguvu zote, njia inakwisha polepole mbele yako, na ndege inanyanyuka kama mtu mzima anavyoinuka mkekani. Upande wa pili wa uzio kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu alikuwa akiniambia, "Isubiri. Usiivute. Ikitaka kupanda itapanda." Niliisikia sentensi ile mamia ya mara, na ilikuja kuniokoa mahali pengine kabisa.

Shida yangu ilikuwa pesa. Mshahara ukiingia, naruka mara mbili. Kisha mama anaugua Mombasa, au kodi inapanda, nakaa miezi mitatu chini. Nikirudi, mkono umesahau. Saa nzima inakwenda kunirudisha pale nilipokuwa nimeachia, na saa hiyo nailipa. Kwa kanuni za kimataifa leseni ya rubani binafsi inaweza kupatikana kwa saa 40. Mimi nilitumia 63, na miaka miwili na zaidi. Zile saa 23 za ziada sikuzitumia kujifunza kitu kipya. Nilizitumia kukumbuka.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaowaambia vijana, "Lipa kidogo kidogo, saa moja moja, utafika." Nimepita njia hiyo na naijua ladha yake. Kulipa kidogo kidogo kunakuingiza katika hasara usiyoiona, kwa sababu haiji kama bili, inakuja kama usahaulifu. Nilipoingia hatua ya pili, ya kutafuta leseni ya biashara, nilifanya tofauti. Niliacha kuruka mwaka mzima. Nikaweka pesa, nikasoma vitabu vyote vya nadharia usiku nyumbani kwa mama mdogo, hali ya hewa, urambazaji, sheria za anga, nikafanya mitihani. Pesa za kumaliza hatua yote zilipotimia ndipo nikarudi, nikaruka karibu kila siku, na saa zangu zikawa chache kuliko za wengi. Leseni hiyo inadai saa 200 kwa anayekwenda kwa mtindo wangu, na kwa anayepita chuo chenye kozi nzima iliyoidhinishwa zinapungua hadi 150. Niliipata mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kuundwa, na karatasi zangu zina nembo mbili tofauti kwa sababu hiyo.

Wakati mimi nikihangaika na miezi yangu mitupu, wawili kati ya tulioanza pamoja walikuwa wameondoka.

Mmoja alikwenda Florida. Kule ni tambarare, kwenye usawa wa bahari, hali ya hewa inaruhusu kuruka siku nyingi za mwaka, ndege ziko tele. Alimaliza kila kitu chini ya mwaka mmoja, akarudi na saa 250 na tabasamu ambalo sitalisahau. Sisi tulimwonea wivu wa waziwazi. Kisha akakutana na jambo ambalo hakuna aliyemtajia alipokuwa akilipa: leseni ya Marekani haimruhusu mtu kufanya kazi Kenya katika ndege ya Kenya hadi ibadilishwe. Mitihani tena, jaribio la kuruka tena, karatasi za kuthibitisha karatasi, na kila saa ya ndege ya jaribio inalipiwa. Pesa zote alikuwa ameziacha Florida. Akakaa nyumbani kwao mwaka mzima na zaidi, mkono ukisahau, kama wangu ulivyokuwa ukisahau. Alikuja kufaulu mwishowe na leo ni kapteni mahali pazuri, na rubani mzuri sana. Lakini ukijumlisha miezi yake ya haraka na miezi yake ya kukaa, tulifika karibu siku moja.

Wa pili nasikia uchungu kumwandika. Alilipa ada yote mapema katika shule ya nchi nyingine, kwa punguzo, kama hili la barua ya mtoto wa kaka yangu. Alipofika saa 90 na kitu, ndege zikaanza kupungua uwanjani. Wakaambiwa ziko kwenye matengenezo. Halafu walimu wakaanza kupungua. Asubuhi moja wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi hajui lolote. Hakurudishiwa hata senti. Saa 90 zilikuwa zake, zimo kwenye logibuku, hakuna awezaye kumnyang'anya. Pesa za saa zilizobaki ndizo zilizokwenda. Hakuruka tena. Hakuwa mzembe na familia yake haikuwa ya watu wajinga. Walilipa kwa sababu karatasi ilikuwa na mihuri na kwa sababu mtoto alikuwa na hamu, na hamu ya mtoto haivumiliki kwa mzazi.

Mimi nilikuwa na leseni ya biashara mkononi na nikadhani nimefika. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotelea na ndipo barua za shule zinaponyamaza. Rubani mwenye saa 200 na kitu ana haki ya kulipwa, ila karibu hakuna anayemtaka. Kampuni ndogo zinasema bima yetu inadai saa 500, wengine 1,000. Leseni ya juu kabisa, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Kati ya 200 na 500 kuna jangwa, na mtu anaingia humo akiwa amekwisha maliza maji yote njiani.

Nililivuka kwa mizani ya mizigo. Kampuni moja ndogo ya Wilson ilinipa kazi ya uwanjani: kupima mabegi, kupima abiria wenyewe, kuandika karatasi ya uzito, kuhesabu kitovu cha uzito kiko wapi kabla ndege haijaondoka. Nilifanya kazi hiyo miezi 14, nikiwa na leseni mkobani. Alfajiri zilikuwa zikiingia pikapu za miraa kutoka Meru, zimekimbia usiku kucha, magunia yamefungwa kwa majani ya mgomba bado yana umande, na ndege za Somalia zikisubiri injini zikiwa moto. Nilijifunza kumtazama rubani anayekataa kilo 40 za ziada huku mwenye mzigo akimpigia kelele, na yule anayezikubali. Niliwajua wote wawili kwa majina. Mafundi wakanizoea. Nikawa nikiwapelekea chai, wananionyesha tairi lililolika upande mmoja na kunieleza aliyetua nalo alikosea wapi.

Wilson ni kijiji. Jina lake limetokana na Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929, na hadi leo watu wa pale wanajuana kama watu wa mtaa mmoja. Mwenye kampuni akitaka rubani hatangazi gazetini. Anamuuliza fundi wake, "Yule binti wa mizani, vipi?" Asubuhi moja rubani msaidizi wa ndege ya Caravan aliamka na homa, na kiti kikawa wazi. Nilikuwa pale, nimepimwa, leseni yangu haijalala, na kila mtu uwanjani anajua nafika kazini saa kumi na moja. Nikaingia ndani na nikakaa ndani.

Mtu aliyesomea ng'ambo hakosi ufundi. Anachokosa ni hiyo miezi ya kuonekana. Kwa hiyo mtu akichagua shule anatakiwa ajiulize pia ni uwanja gani utakaomjua akimaliza, na swali hilo halina jibu katika barua ya shule yoyote.

Tulipelekwa Lokichoggio, au Loki kama tulivyouita, kule Turkana, karibu na mpaka. Tangu mwaka 1989 mji ule ulikuwa kituo cha ndege za misaada za kwenda Sudan Kusini, na marubani wengi wa umri wangu saa zao zimetoka huko. Caravan inabeba kama tani moja ya unga, dawa, au sabuni, na viwanja vyenyewe ni vipande vya ardhi vilivyofyekwa. Kapteni wangu alikuwa akipita juu mara moja kabla ya kutua, mbuzi watimuliwe. Mvua ikinyesha, udongo ule mweusi wa pamba unageuka ugali. Siku moja tulikuwa tunaondoka, nimeachiwa usukani, joto kali, matope ya jana hayajakauka vizuri, miti mbele inakuja. Mwili wote ulitaka kuvuta. Nikasikia sauti ya mzee wa Soroti sikioni, "Isubiri," nikaisubiri, na magurudumu yakaachana na ardhi wakati wake. Kapteni hakusema neno. Tulipofika Loki aliniandikia saa zangu kwa mkono wake mwenyewe, kitu ambacho hakuwa akikifanya.

Mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa sahihi Nairobi Januari 2005 na kazi za Loki zikaanza kupungua, nikarudi Wilson, nikarusha watalii Mara na Lamu hadi saa zangu zikapita 1,500.

Nilichukuliwa na shirika la ndege kubwa mwaka 2009, kujifunza kurusha ndege aina ya Dash 8, na hapo nikakuta deni la njia yangu. Kwenye mashine ya mafunzo, ile simyuleta, niliwekwa na kijana ambaye shirika lilimchukua kutoka shuleni, likamlipia kila kitu kwa mkataba wa kulitumikia miaka kadhaa. Alikuwa na saa chini ya 300. Mwalimu akatuletea moto wa injini mara tu baada ya kupaa. Mkono wangu uliruka kwenye swichi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama nilivyozoea katika ndege ndogo ambako mwenye kuokoa ni wewe. Mwalimu aliusimamisha mtambo, akanishika kifundo cha mkono na kukirudisha pajani. "Mama, uko na mwenzako. Mwambie unachokiona. Yeye asome, wewe ufanye, yeye athibitishe." Yule kijana alikuwa akiyajua hayo tangu siku yake ya kwanza shuleni. Mimi, na saa zangu zote za matope, ilinichukua majuma kujifunza kusema kabla ya kugusa.

Wakati huo huo habari za ajali ya Buffalo, Marekani, zilikuwa kwenye midomo ya walimu wetu wote. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, Dash 8 ya ukoo ule ule tuliokuwa tukijifunza ingawa kubwa kuliko yetu, ilipoteza mwendo ikikaribia kutua na kuanguka juu ya nyumba. Watu 50 walikufa. Ndege ilipoonya kwamba inaishiwa mwendo, kapteni alivuta badala ya kusukuma. Baada ya hapo Marekani ikatunga sheria kwamba rubani wa shirika la abiria, hata msaidizi, awe kwa kawaida na saa 1,500. Lakini marubani wale wawili kila mmoja alikuwa na zaidi ya saa 2,000. Jambo hilo limenikaa kichwani hadi leo. Yule mwalimu wangu mzee wa Wilson hakuwahi kutuuliza tuna saa ngapi. Alikuwa akiuliza, "Jana umejifunza nini?" na asiye na jibu alikuwa harushi siku hiyo.

Ndiyo maana siwezi kumdharau mtu aliyechukuliwa na shirika tangu mwanzo. Nafasi ya namna hiyo ikipatikana, kijana aikimbilie, asome mkataba wake mstari kwa mstari, aikubali. Ni Soroti ya zama hizi. Tatizo ni kwamba nafasi hizo ni chache, zinafunguliwa na kufungwa kufuatana na hali ya shirika, na zipo shule zinazoazima maneno yake, "kadeti", "njia ya moja kwa moja hadi shirika", ilhali nyuma yake hakuna shirika lililotia sahihi kumwajiri mtu.

Halafu ukaja mwaka 2020. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi, na za ndani nazo zikasimama hadi katikati ya Julai. Nilikaa nyumbani na mshahara uliokatwa vipande. Mimi sikuwa na deni. Tulikula wali na mchicha, tukavuka. Rubani msaidizi mmoja niliyekuwa nikiruka naye alikuwa na mkopo wa masomo ambao wazazi wake walikuwa wameuwekea nyumba. Benki iliahirisha kidogo, kisha ikakumbuka. Alinipigia simu jioni moja akaniuliza kama najua mtu anayetaka kununua gari. Hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa ameanza kazi ile ya pekee aliyoisomea miezi minane kabla ya dunia kufungwa.

Siku ya tatu nikampigia kaka. Nilimweleza hayo yote, hata yale ya nafasi tupu kwenye logibuku, ambayo alikuwa hayajui. Nikamwambia sitii sahihi ya kuuza kiwanja kwa ajili ya ada nzima iliyolipwa kwa mkupuo kwa watu tusiowajua. Nikamwambia ninachoweza kufanya: mtoto aje kwangu Nairobi. Nitamlipia cheti cha daraja la kwanza. Akifaulu, nitamlipia hatua ya kwanza yote, si saa moja moja, ili asikae chini hata wiki. Akiimaliza, tutakaa tena mimi, Kaka na binti mwenyewe, tutazame hatua ya pili inafanyika wapi, hapa, Afrika Kusini, au huko huko kwenye barua yao, na tuulize kwanza kama shule inakubali kulipwa kwa awamu na kama pesa zitawekwa mahali ambapo lango likifungwa zinabaki zetu. Kiwanja, kama ni kuuzwa, kiuzwe baada ya leseni, kimvushe lile jangwa la saa 200 hadi 500, ambako ndiko mtoto atakapokihitaji hasa.

"Na punguzo?" akauliza.

"Punguzo litapita, Kaka."

"Na yeye je? Ameshawaaga wenzake. Amekwisha nunua begi."

Sikuwa na jibu la begi. Kaka akakata simu. Siku mbili hakupokea simu zangu, na mama akanipigia kuniuliza tumegombania nini sisi watu wazima. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita.

Juzi mtoto amefika kwa basi la usiku, na begi lenyewe, jipya, la magurudumu. Hakuniamkia kwa furaha. Alisema "Shikamoo, Shangazi" akitazama chini, na nilimwitikia bila kumlazimisha kuongea. Tulipokuwa tukinywa chai aliniomba aione logibuku. Aliifungua ukurasa wa kwanza, akafuata tarehe kwa kidole, Machi, Machi, Juni, akasimama.

"Hapa katikati ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Kesho saa mbili asubuhi tuna miadi kwa daktari.